Namba Mlangoni

Kabla ya chai, namba.
Kila lori likiegesha nyuma ya ghala
natoka na koti la marehemu baba,
penseli mkononi maana wino huganda,
nanakili tarakimu zilizoandikwa mlangoni,
narudi ndani nikipuliza vidole.

Hapa Jamestown, Dakota ya Kaskazini,
Januari haipigi hodi.
Tunapakia alizeti, magunia kwa magunia,
na Duane wa foklifti haachi kuniuliza:
"Marlys, chakula cha ndege hiki,
mbona unakilinda kama dhahabu ya benki?"
Simjibu. Nabonyeza tarakimu, nangoja.

Skrini haimwonei mtu wala haimtetei.
Bima: hai, au ilikufa Jumanne.
Ukaguzi ishirini na sita,
malori tisa yakazuiwa kando ya njia.
Breki. Breki. Taa ya nyuma. Breki.
Daftari la saa za dereva
limejazwa kwa mkupuo mmoja, kalamu ileile,
usingizi wa wiki nzima ambao hakuna aliyeulala.

Zamani nilikuwa natia sahihi tu.
Lori lilikuwa jekundu, dereva mcheshi,
akanipa peremende ya mnanaa.
Kwenye mteremko wa Valley City breki zikamkana.
Orpha Lindquist alikuwa anatoka kupika shuleni,
aproni ingali kiunoni.
Rekodi ya kampuni ile ilikuwepo siku zote,
wazi, bure, kwa yeyote mwenye dakika nne.
Nilikuwa na dakika nne.
Nilikula peremende.

Leo alfajiri: Summit Dawn.
Imesajiliwa Oktoba, haina ajali, haina doa,
nyeupe pe kama uwanda nje ya dirisha langu,
na mimi mzaliwa wa hapa
najua theluji laini namna hiyo
hulala juu ya mtaro.

Nikatazama anwani: chumba juu ya duka la matairi, Billings.
Nikatazama simu. Tarakimu nne za mwisho
zilinikaa kooni kama mwiba wa samaki.
Nilishawahi kuzipiga.
Red Butte, iliyofungiwa Septemba,
ilikuwa inapokea simu kwa namba hiyohiyo.

Nikatoka tena. Jua lilikuwa limefika mlangoni mwa lori
na barafu nyembamba imetanda kwenye rangi yote,
ila chini ya stika mpya
ilishika kwa namna nyingine,
ikachora polepole, bila kuulizwa,
R, kisha E, kisha D.
Nyoka kajivua gamba kwa pupa;
limebaki likimning'inia mkiani.

Dereva aliitwa Ostap. Alishusha kioo.
"Waliniambia kampuni ni mpya," akasema,
"na mshahara wa Desemba uko njiani."
Kisha akachukua tochi, akajilaza kwenye theluji,
akatambaa chini ya tela
hata nikaona soli za buti zake tu.
Alikaa huko muda mrefu.
Alipotoka alikuwa na grisi shavuni.
"Mbili za kulia hazishiki.
Nilihisi tangu Miles City. Nikapiga simu.
Wakasema, endesha."

Duane alizima foklifti. Ghala likanyamaza,
nikasikia mbegu zikimwagika kutoka gunia lenye tundu.
Bosi atafoka, najua, mteja yuko Minneapolis
na ndege wake wana njaa.
Kwenye stakabadhi niliandika: HAIKUPAKIWA,
nikaikandamiza penseli hadi ikavunjika.

Sasa Ostap ameketi kwenye kiti cha Duane,
buti zinamchuruzika maji sakafuni.
Ametoa mfukoni kadi tatu zilizokunjamana,
kampuni tatu zinazotafuta madereva.
"Hiyo kitu yako," anasema, "nionyeshe."
Ya kwanza, tumeirarua.
Ya pili ameisoma mwenyewe, midomo ikicheza,
akaifunika kifudifudi mezani.
Ya tatu bado inatafutwa;
kigurudumu kidogo kinazunguka kwenye skrini,
kinazunguka,
na chai yetu, wote wawili, haijaguswa.